Gari la 4x4 la Mtumba kwa Mwenye Bajeti Finyu

Gari la 4x4 lililotumika huwa na bei mbili: ile inayotajwa yadi au na dalali, na ile inayolipwa gereji katika mwaka wa kwanza. Gari hili lina vitu vingi vya kuchakaa kuliko saluni ya kawaida. Lina difu ya mbele na ya nyuma, lina transfa inayogawa nguvu, lina propela shafti zake, na tairi zake ni kubwa na ghali. Kwa hiyo mwenye shilingi milioni 25 asitafute gari la milioni 25. Atafute la milioni 20, kisha tano zibaki kwa ajili ya tairi, bushi, oili za difu, kuhamisha umiliki, na lile tatizo moja ambalo muuzaji hakulitaja. Anayemaliza pesa zote siku ya kununua ndiye anayeonekana miezi mitatu baadaye akiliegesha gari nyumbani kwa kukosa nozeli.

Kabla ya kutazama gari lolote, itazamwe barabara. Mtu anayeishi Dodoma mjini na kwenda kijijini mara mbili kwa mwaka hana haja sawa na bwana shamba wa Mbulu au mfanyabiashara wa viazi anayepanda Makete wakati wa masika. Watu wengi wanaosema wanahitaji 4x4 wanahitaji kitu kingine: gari lililoinuka. Barabara ya vumbi yenye mashimo na mawe hupitika na gari lolote lenye nafasi ya karibu milimita 200 kati ya ardhi na tumbo lake, hata kama linavutwa na magurudumu mawili tu. Pale ambapo magurudumu manne yanahitajika kweli ni kwenye utelezi, mchanga mlaini na milima ya udongo. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga na maeneo mengine ya Kanda ya Ziwa, hauheshimu jina la gari. Land Cruiser yenye tairi zilizoisha kashata itanasa, na Suzuki ndogo yenye tairi nzuri itapita.

Magari yanayouzwa kwa jina la 4x4 hayafanani ndani. Kundi la kwanza ni yale mepesi, yaliyojengwa kama saluni iliyoinuliwa, bila chesisi ya kujitegemea na bila gia ya nguvu. Humo wamo Toyota RAV4, Nissan X-Trail, Subaru Forester na Toyota Harrier. Toyota Rush iko karibu nao, kwani nayo haina gia ya nguvu. Kundi la pili lina gia ya nguvu, ile inayoandikwa 4L, ambayo hulifanya gari litembee polepole sana huku likivuta kwa nguvu nyingi: Suzuki Jimny na Escudo, Mitsubishi Pajero, Toyota Prado, Hilux na Land Cruiser. Magari ya kundi la kwanza hutumia mafuta kidogo, hukaa vizuri lami na hutengenezwa kirahisi. Ya pili huvumilia kuteswa, lakini kila kipuri chake ni kizito, na bei yake ni nzito vilevile. Asiyewahi kuhitaji 4L maishani mwake hana sababu ya kuilipia.

Katika kundi la kwanza kuna mtego unaowanasa wengi. RAV4, Harrier, X-Trail na Rush ziliuzwa Japani katika matoleo mawili, ya kuvuta magurudumu mawili na ya kuvuta manne, na kwa nje yanafanana. Ukweli umeandikwa kwenye kibati cha modeli kilichopigwa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. RAV4 ya kizazi cha pili, iliyotoka kati ya 2000 na 2005, ikiwa na namba inayoanza na ACA21 ni ya magurudumu manne, ila ZCA26 ni ya mawili. Kizazi cha tatu ni ACA31 kwa manne na ACA36 kwa mawili. Harrier ya kizazi cha pili yenye injini ya lita 2.4 ni ACU35 kwa manne na ACU30 kwa mawili. Rush ni J210E kwa manne na J200E kwa mawili. Namba hizi chache zikikaririwa huokoa pesa nyingi, kwa sababu wauzaji wengine hawajui wanachouza, na wengine wanajua vizuri sana.

Hata gari lililotoka kiwandani likiwa la magurudumu manne huenda si hivyo tena. Baadhi ya mafundi huchomoa propela shafti ya nyuma ya RAV4 kwa ahadi ya kupunguza mafuta, au kwa sababu ilikuwa inapiga kelele na mwenye gari hakutaka kununua nyingine. Kulijua hilo ni kuinama tu. Kutoka katikati ya gari hadi difu ya nyuma lazima kuwe na bomba refu la chuma. Kama difu ipo lakini flanji yake iko wazi, ina kutu na matundu manne ya bolti yasiyo na kitu, gari hilo sasa ni la magurudumu mawili na bei yake ishuke ipasavyo.

Kuhusu aina, ushauri wa jumla ni kununua kile ambacho fundi wa mji wa karibu anakifahamu na duka la vipuri la karibu linakiuza. Kwa Tanzania na Kenya hilo humaanisha Toyota kwanza, kisha Suzuki, Nissan, Mitsubishi na Subaru, kwa kutegemea mji. Lakini jina la Toyota peke yake halitoshi, maana ndani ya jina hilo kuna injini za kila tabia.

RAV4 ya kizazi cha pili iliyotoka Japani mara nyingi ina injini ya lita 2.0 iliyoandikwa D-4 juu ya kifuniko chake. Hiyo hupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na haivumilii mafuta machafu wala fundi wa kubahatisha. Ikianza kuzima silensa au kukohoa, mwenyewe atazunguka gereji nyingi. Kizazi cha tatu kinachukua pesa zaidi lakini kina matata machache. X-Trail ya kizazi cha kwanza, yaani T30, ni gari kubwa ndani kwa bei ndogo. Ya pili, T31, mara nyingi huja na giaboksi ya CVT, ambayo hutaka oili yake maalumu na huharibika kwa gharama kubwa ikiwekewa nyingine. Forester huenda vizuri sana kwenye utelezi, na injini yake iliyolala huipa utulivu kwenye kona. Matoleo ya zamani yenye injini za EJ yana taimingi belti inayotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na yana sifa ya kuvujisha gasketi za silinda hedi. Jambo jingine ni kwamba tairi zake nne lazima zilingane kwa ukubwa na uchakavu. Tairi mbili mpya nyuma na mbili kuukuu mbele huifanya difu ya kati ihangaike muda wote mpaka ichoke.

Mwenye kuhitaji gia ya nguvu na hana pesa za Prado anaye mkombozi mmoja anayedharauliwa, Suzuki Escudo. Ile ya 1998 hadi 2005 ina chesisi, ina 4L, na injini yake ya lita 2.0 inatumia cheni badala ya mkanda. Iliyofuata tangu 2005 ni pana na tulivu zaidi. Katika matoleo mengi magurudumu yake manne huvuta muda wote, na ina kitufe cha kufunga difu ya kati na cha kuingiza 4L. Haina heshima ya Prado mbele ya wakwe, lakini kwenye kilima cha Lushoto siku ya mvua tofauti yao ni ndogo kuliko tofauti ya bei zao. Jimny ni hodari kuliko zote kwa ukubwa wake, maana ina ekseli ngumu mbele na nyuma, ila ni ya watu wawili na begi moja. Jimny ikitetemeka stelingi kwa nguvu kwenye mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa saa, bearingi za kingipini na bushi za mbele zimekwisha.

Prado za zamani ndizo zinazowatia watu tamaa. Ile iliyotoka kati ya 1996 na 2002 yenye injini ya dizeli ya lita 3.0 aina ya 1KZ-TE ni gari zuri mpaka siku litakapochemsha. Silinda hedi yake hupasuka kwa joto, na hedi mpya ni pesa za kununulia pikipiki. Iliyofuata, yenye injini ya 1KD, ina nguvu zaidi, lakini nozeli zake ni ghali na mafuta machafu huziua. Ile ya petroli ya lita 2.7 ni nzito kupanda mlima na inakunywa, ila haina makuu. Kwa mwenye bajeti finyu, Prado ya bei rahisi kupindukia kwa kawaida ni Prado ambayo mtu mwingine ameshindwa kuitengeneza. Land Rover Freelander ya kwanza nayo huuzwa rahisi, kwa sababu zake yenyewe: gasketi ya hedi kwenye injini ya petroli ya lita 1.8, na kiunganishi cha katikati kinachokaza kikaharibu transfa.

Kuna soko jingine ambalo mnunuzi wa kawaida hulisahau, nalo ni la magari ya miradi, mashirika na serikali yanayouzwa kwa mnada au zabuni. Hilux na Land Cruiser za aina hii mara nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya barabara za Afrika tangu mwanzo. Zina giaboksi ya kawaida, hazina anasa, na nyingine zina injini ya 1HZ ya silinda sita ambayo haina umeme mwingi wa kuharibika. Kilomita zake ni nyingi na hazifichwi, na mara nyingi kuna daftari la matengenezo. Tahadhari ni kodi. Gari lililoingia nchini kwa msamaha, kama yale ya miradi ya wafadhili yenye namba za DFP, hudaiwa ushuru linapouzwa kwa mtu asiye na msamaha. Lazima ijulikane mapema ni nani anaulipa. Magari ya watalii ya Arusha ambayo chesisi yake ilikatwa na kurefushwa yaachiwe wenye kazi hiyo.

Kwa anayeagiza kutoka Japani, umri wa gari hubadilisha hesabu yote. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 kwa sheria ya 2018. Tanzania haijafunga mlango, lakini gari lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada kwa uchakavu, na likizidi 10 ushuru huo hupanda zaidi. Injini ikizidi sisi 2000 ushuru wa bidhaa nao hupanda. Ndiyo maana gari la lita 2.0 na la lita 2.4 yanaweza kukaribiana bei bandarini Yokohama yakaachana mbali Dar es Salaam. Kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kilichoko mtandaoni huonyesha kodi ya kila modeli na mwaka wake. Kitumike kabla ya kutuma pesa, maana TRA ina thamani yake ya kukadiria na haitegemei tu bei iliyoandikwa kwenye ankara.

Pamoja na hayo, karatasi ya mnada wa Japani iombwe. Ina daraja la gari juu: 4 na kuendelea ni zuri, 3.5 ni la kawaida, na R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Chini yake kuna mchoro wa gari wenye herufi. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, na C ni kutu iliyokula chuma. Kwa gari la 4x4, S na C ndizo herufi za kutazamwa kwanza. Mikoa yenye theluji ya Japani, kama Hokkaido, ndiyo inayotumia sana magari ya magurudumu manne, na huko barabara humwagiwa chumvi inayolamba chesisi kwa chini huku bodi ikibaki inang'aa.

Gari likiwa tayari liko nchini, ukaguzi uanzie chini, na uanze asubuhi injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuliwasha na kulipasha moto kabla mgeni hajafika ameficha jambo, au hana haraka ya kuaminiwa. Mkaguzi alale chini na tochi na bisibisi. Chesisi igongwe kwa mpini wa bisibisi, hasa juu ya ekseli ya nyuma, sehemu zinaposhikiliwa springi, na karibu na tangi la mafuta. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu na kuangusha maganda. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini nzima juzi ni sababu ya kugonga zaidi. Kwa magari yaliyoishi Tanga, Mombasa au Unguja hatua hii isirukwe, kwani upepo wa bahari hufanya polepole kazi ile ile ya chumvi ya Hokkaido.

Hapo hapo chini zitazamwe buti za raba za sivijointi. Iliyopasuka hurusha grisi nyeusi upande wa ndani wa tairi. Difu na transfa zikiwa na unyevunyevu wa oili si hoja kubwa, lakini zikidondosha, kuna sili za kubadilisha. Tairi zenyewe zina tarehe. Kwenye ubavu kuna tarakimu nne ndani ya duara refu, na 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri lakini ya miaka kumi ni tairi ya kutupa, na seti mpya ya tairi nne iondolewe kwenye bei papo hapo.

Juu, kifuniko cha rejeta kifunguliwe injini ikiwa bado baridi. Maji yenye utando wa oili, au ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, ni dalili ya gasketi au hedi, na mazungumzo yaishie hapo. Injini iwashwe huku mtu mwingine akiwa nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi usiokoma kwenye dizeli huelekeza kwenye nozeli au pampu. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanayoingia ndani ya silinda. Kisha gari liachwe likinguruma dakika ishirini na AC ikiwa imewashwa, na mshale wa joto utazamwe. Ukishapanda hadi katikati usisogee tena.

Mita ya kilomita isiaminiwe peke yake. Gari la miaka 15 lenye kilomita 60,000 limetembea 4,000 kwa mwaka. Linawezekana, ila halitakuwa na raba ya pedali ya breki iliyolika upande mmoja, wala stelingi inayong'aa kwa jasho, wala kiti cha dereva kilichozama. Lebo iliyoshonwa chini ya mkanda wa kiti mara nyingi ina mwaka, nao hauwezi kupita mwaka wa gari bila mkanda kuwa umebadilishwa. Mkanda uliobadilishwa huuliza swali la ajali.

Majaribio ya 4x4 yenyewe yafanywe kwenye vumbi, si kwenye lami. Kwenye gari la kuchagua, yaani lile ambalo dereva mwenyewe huingiza magurudumu manne, kama Hilux au Escudo ya zamani, lever huingizwa 4H (manne kwa mwendo wa kawaida) gari likienda taratibu, na taa ya dashibodi lazima iwake. Likiwa na habi za kufunga kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele, zizungushwe kwanza hadi LOCK. Halafu stelingi ikatwe yote na gari lizunguke polepole. Likianza kujikaza na kusukasuka, ni habari njema, kwa sababu magurudumu ya mbele na ya nyuma yamefungwa pamoja, na kwenye kona hayataki kwenda umbali sawa. Lisipojikaza kabisa, huenda kuna kitu hakishiki. Baada ya hapo lisimame, liwekwe nyutro, liingizwe 4L. Injini ingurume na gari litambae. Kurudi 2H, yaani magurudumu mawili, ni sehemu ya jaribio: taa ikikataa kuzima au lever ikang'ang'ania, ni transfa au kifaa chake cha kubadilishia. Wauzaji wengi hawajawahi kuigusa lever hiyo, na baadhi hukataa iguswe.

Makaratasi hayana utamu lakini yana hasara kubwa zaidi. Namba ya chesisi iliyochongwa kwenye chuma isomwe na ilinganishwe na kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu, pamoja na namba ya injini. Tanzania, madeni ya makosa ya barabarani hukaguliwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, na ya maegesho kwenye mfumo wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Yote humfuata atakayekutwa na gari. Kenya, utafutaji wa rekodi za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, huonyesha mmiliki na kama benki ina haki juu ya gari hilo. Muuzaji awe ndiye aliyeandikwa kwenye kadi, au awe na mlolongo kamili wa mikataba hadi kwa aliyeandikwa. Mkataba ushuhudiwe na wakili, pesa zipite benki au simu, na umiliki uhamishwe mara moja, sio "baadaye tukishapata nafasi".

Wiki ya kwanza baada ya kununua, gari liingie gereji hata kama halina kasoro. Zimwagwe na kubadilishwa oili ya injini, ya giaboksi, ya transfa na ya difu zote mbili, pamoja na kulanti, mafuta ya breki, na chujio za hewa na mafuta. Taimingi belti isiyo na ushahidi wa kubadilishwa ihesabiwe kuwa imekwisha. Oili ya difu ikitoka na rangi ya kahawa yenye maziwa, gari limewahi kuzama kwenye maji, na bearingi zake zikaguliwe. Na kwenye gari la kuchagua, 4H iingizwe mara moja kila mwezi kwa kilomita chache za vumbi, ili oili ifike kwenye gia za mbele na lever isigande.